Jarida lipi la barua pepe litangaze biashara yako? Mwongozo kwa wafanyabiashara wadogo wa Mombasa

Kila Oktoba, msimu unapokaribia, naulizwa maswali yale yale. Mwenye nyumba ya wageni Nyali anataka kujua kama watu bado wanasoma barua pepe. Muuza madera wa Biashara Street ameambiwa kuna jarida lenye watu 20,000, nafasi moja shilingi 15,000: je, ni bei nzuri? Wa tatu ameshalipa, hakupigiwa hata simu moja, anauliza alikosea wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp za dakika saba, kwa hiyo nimeandika.

Jarida la barua pepe ni ile barua ambayo mtu au chama huituma kila wiki au kila mwezi kwa watu waliojiandikisha wenyewe. Kuna ya safari, ya mapishi, ya habari za bandari, ya wazazi wa shule, ya Wakenya walio ng'ambo. Mwenye jarida huuza nafasi ndani yake, na wewe unanunua nafasi hiyo. Anwani za watu hununui. Hilo la anwani nitalifikia, maana ndiko wengi wanakoliwa pesa.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Hesabu ya faida unayobaki nayo kwa oda moja. Mauzo ni kitu kingine.
- Kitu kimoja cha kutangaza. Duka zima halitangaziki kwa mistari minne.
- Mahali pa kumpokea mteja: namba ya WhatsApp Business inayojibiwa, au ukurasa unaofunguka haraka kwenye simu.
- Anwani ya pili ya barua pepe ya kujiandikishia majarida, ili ya biashara isifurike.
- Daftari, au jedwali kwenye simu.
- Pesa za kutangaza mara mbili au tatu. Ikiwa unazo za mara moja tu na zikipotea kodi ya duka itakwama, ngoja.

Hatua ya 1: Jua kikomo chako

Chukua bei ya kuuzia, toa gharama zote, pamoja na mfuko, boda na makato ya M-Pesa. Kinachobaki ndiyo faida ya oda moja. Gawanya bei ya tangazo kwa faida hiyo, upate idadi ya oda zitakazokurudishia pesa yako.

Tuseme unauza boksi la zawadi: halua, mabuyu na achari ya embe, shilingi 1,500. Gharama ni 900, unabaki na 600. Tangazo ni 12,000. Unahitaji oda 20. Jarida linakwenda kwa watu 4,000. Chukulia mmoja katika kila 100 anabofya: ni watu 40. Chukulia mmoja katika kila 20 waliobofya ananunua: ni wawili. Umerudisha 1,200 katika 12,000.

Sasa chukua jarida hilo hilo na wateja hao hao wawili, lakini wewe una nyumba ya wageni na kila familia inayokaa siku nne inakuachia faida ya 9,000. Una 18,000 mkononi.

Viwango hivi nimevichukua vya mfano tu. Vyako utavijua baada ya kutangaza. Ila somo lake ni kubwa kuliko mengine yote humu: kitu cha bei ndogo kinachonunuliwa mara moja hakibebi gharama ya jarida. Boksi la halua laweza kubeba ikiwa mteja huyo atarudi kila Idi, au ukiwauzia maofisi maboksi 50 kwa mpigo. Basi tangaza hayo maboksi 50.

Hatua ya 2: Mteja wako yuko wapi anapoamua kununua?

Majarida mengi yanayotangazwa kuwa ya Kenya wasomaji wake wengi wako Nairobi. Hilo laweza kuwa baraka au hasara. Mwenye nyumba Nyali au Diani anamtaka huyo wa Nairobi, kwa sababu huyo ndiye atakayepanda SGR Desemba na watoto watatu. Fundi wa friji wa Changamwe hana shughuli naye.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Nilitangaza kiamsha kinywa cha mahamri na mbaazi za nazi, cha kupelekwa mlangoni Tudor na Kizingo. Jarida lilikuwa zuri, lina wasomaji wengi, na watu walibofya kweli. Karibu wote walikuwa Nairobi. Mmoja aliniandikia kutoka Doha kuuliza kama mbaazi zitafika za moto. Shilingi 8,000 zikaenda na maji, na kosa halikuwa la mwenye jarida. Hakunidanganya, mimi sikuuliza.

Andika sentensi moja: "Mteja wangu ni nani, yuko mji gani, na huamua lini." Kwa mfano: "Mama wa Nairobi mwenye watoto wa shule, huamua wiki sita kabla ya likizo." Au: "Wakala wa forodha mwenye malori mawili, yuko Mombasa, huamua siku lori linapokufa." Huyu wa pili atafikiwa na jarida dogo la watu wa bandari na uchukuzi, hata kama lina wasomaji 600, kuliko jarida la mitindo la watu 20,000.

Hatua ya 3: Yatafute

Waulize wateja wako kumi bora: "Barua gani ikiingia kwenye simu yako unaifungua?" Andika majina yatakayotajwa zaidi ya mara moja. Tazama pia vyama vya wenye hoteli, vya mawakala wa mizigo, vya wazazi, vya wahitimu wa shule, vya wakazi wa mtaa. Vingi hutuma barua kwa wanachama na havijawahi kufikiria kuuza nafasi. Kwa hivyo bei huwa nafuu, na wakati mwingine hukubali kubadilishana kwa bidhaa.

Mengine utayapata mwisho wa barua zenyewe, penye maneno kama "tangaza nasi". Ukipata matano yanatosha.

*Tahadhari.* Atakuja kijana na faili lenye anwani 50,000 za "wafanyabiashara wa Pwani", akuuzie kwa shilingi 3,000. Usinunue. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka mtu awe amekubali kabla data zake hazijatumiwa kibiashara, na hao hawakukubali kitu. Hata tukiweka sheria kando, watu wasiokujua watakubofya kuwa barua taka (spam), na baadaye barua zako halali, zile za risiti na oda, nazo zitaanza kutupwa huko.

Hatua ya 4: Jiandikishe, usome matoleo manne

Hatua hii wengi huiruka. Soma matoleo manne mfululizo kabla hata ya kuuliza bei. Likiwa la kila mwezi, omba ya nyuma.

Kwanza tazama watangazaji wanaorudi. Mfanyabiashara mdogo aliyetangaza toleo la kwanza, la pili na la nne hatoi sadaka, anapata kitu. Ukiona kila toleo lina mtangazaji mgeni na hakuna anayerudi, jiulize walikokwenda. Bora zaidi, mpigie mmoja, namba yake iko pale pale kwenye tangazo. "Ndugu yangu, samahani, nimeona tangazo lako kwenye jarida fulani. Lilikulipa?" Watu hujibu. Simu ya dakika tano imeniokoa mara nyingi kuliko karatasi yoyote ya takwimu.

Kisha sikiliza sauti ya mwandishi. Je, anazungumza na wasomaji kama anawajua? Anajibu maswali yao, anasahihisha alipokosea toleo lililopita? Au amebandika tu habari alizookota kwingine? Jarida la namna hii hutazamwa kama gazeti lililofungiwa viazi karai.

Angalia urefu. Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102, halafu huweka kiungo cha kufungua sehemu iliyobaki. Nani atakibofya ndani ya matatu ya Mtwapa? Kama jarida ni refu na wewe umepewa nafasi ya chini kabisa, kuna wasomaji ambao tangazo lako halitawafikia macho kamwe, hata kama barua yenyewe wameifungua na kuipenda.

Jaribu pia mlango wa kutokea: bofya kujitoa uone kama unatoka kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka watumaji wakubwa, kwa Gmail ni wale wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku, wamwezeshe msomaji kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Jarida linalowafungia watu ndani wasitoke huchosha wasomaji, nao hulipiza kwa kitufe cha barua taka. Likiangukia kwenye kichupo cha matangazo cha Gmail, si vibaya sana. Likiangukia kwenye barua taka mara mbili katika nne, achana nalo.

Hatua ya 5: Mwandikie mwenye jarida

Waweza kunakili hii:

"Salaam Mhariri. Nina nyumba ya wageni ya vyumba viwili Nyali, nami ni msomaji wako tangu Agosti. Ningependa kutangaza katika toleo la katikati ya Oktoba. Naomba unisaidie kwa haya machache:
1. Toleo lililopita lilikwenda kwa anwani ngapi?
2. Watangazaji wako watatu wa mwisho walipata mibofyo mingapi kila mmoja? Majina yao si lazima.
3. Wasomaji wengi wako miji gani, au nchi gani?
4. Walijiandikisha vipi?
5. Tangazo langu litakaa wapi, na yatakuwa matangazo mangapi?
6. Toleo hilo litakuwa na nyumba nyingine ya wageni?
Ahsante sana."

Atakujibu kwa fahari asilimia ya wanaofungua. Mshukuru, lakini usiijengee hesabu. Kufunguliwa huhesabiwa kwa kijipicha kisichoonekana kinachopakiwa barua inapofunguliwa. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kuzipakia picha hizo yenyewe kabla, msomaji asome asisome. Kwa hiyo wenye iPhone wengi wanahesabiwa kuwa wamefungua hali wamelala. Mibofyo ndiyo ya kuuliza.

Swali la nne usiliache. "Tulikusanya kadi kwenye maonyesho" na "tulinunua" ni majibu ya kukufanya uage. Mwenye jarida dogo akikuambia, "Nina watu 900 na tangazo la mwisho lilipata mibofyo 14," huyo zungumza naye. Anajua duka lake.

Hatua ya 6: Linganisha bei, kisha omba ipungue

Mrudie muuza madera wetu. Jarida la watu 20,000 kwa 15,000 ni shilingi 750 kwa kila watu elfu. Lile la watu 4,000 kwa 12,000 ni shilingi 3,000 kwa kila elfu. Mara nne! Lakini tuseme lile kubwa humpa mtangazaji mibofyo 25 na lile dogo 40. Sasa kila mbofyo ni shilingi 600 kwa kubwa na 300 kwa dogo. Ukubwa wa jarida umekudanganya. Linganisha kwa mbofyo kila unapoweza.

Bei iliyoandikwa ni ya kuanzia maongezi, tuko Mombasa. Omba bei ya mgeni wa mara ya kwanza, au matoleo mawili kwa bei ya moja na nusu. Mwenye nyumba aweza kutoa siku mbili za Mei, mvua za masika zikiwa zimefukuza wageni na vyumba vimelala vitupu, apate nafasi ya Oktoba. Kama unawasilisha hesabu za kodi, omba ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 2024 gharama isiyo na ankara hiyo ina shida kukubaliwa.

*Tahadhari.* Usilipe mwaka mzima mbele, hata ukipewa punguzo la nusu. Toleo moja, matokeo, kisha mazungumzo.

Hatua ya 7: Weka alama

Bila alama hutajua mteja katoka wapi. Tumia mojawapo ya hizi, au zote:

- Neno la siri kwa kila jarida. Mimi hutumia KUSI kwa moja na KASKAZI kwa jingine. Ni rahisi kutamka kwenye simu. Lipe faida kidogo, kama chai ya bure au punguzo la 200, watu walikumbuke.
- Kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe tayari: wa.me/ kisha namba yako ikianza na 254 bila sifuri wala alama ya kujumlisha, halafu ?text=KUSI. Mteja akibofya, neno limeshaandikwa.
- Ukiwa na tovuti, ongeza ?utm_source= na jina la jarida mwisho wa kiungo, ili takwimu za tovuti zikuonyeshe mgeni katoka jarida gani.
- Namba tofauti ya Lipa na M-Pesa, ukiwa nayo. Hii haidanganyi.

Kibofye kiungo mwenyewe kwenye simu mbili kabla ya kukituma. Namba ikikosea tarakimu moja, wateja wako watampigia simu mtu wa watu huko Bungoma.

Hatua ya 8: Andika tangazo, chagua tarehe

Mistari minne inatosha. Mfano:

"Mnashuka Mombasa Desemba? Nyumba ya vyumba viwili Nyali, dakika kumi kwa miguu hadi ufukweni. Jikoni kamili, tangi kubwa la maji, mlinzi usiku kucha. Familia ya watu watano, siku nne, shilingi 28,000. Tuandikie KUSI kwenye WhatsApp tukutumie picha na tarehe zilizobaki."

Hapo hakuna "kifahari" wala "ya kipekee". Kuna tangi la maji, kwa sababu aliyewahi kukaa Mombasa anajua mfereji unavyoweza kukauka siku tatu. Bei iko wazi, asiyeiweza hatakubofya kukupotezea muda. Mhariri akijitolea kuliandika kwa sauti yake, mwachie. Anajua wasomaji wake. Wewe hakikisha bei na namba tu. Usitegemee picha kubeba ujumbe, maana simu nyingine hazionyeshi picha mpaka ziruhusiwe.

Tarehe: shule hufungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, nawe uwe umeonekana wiki nne hadi nane kabla. Wenye kanzu, mabuibui na madera, tangazeni kabla ya Ramadhani kuingia. Kumi la mwisho mafundi hawashikiki. Na msinakili tarehe ya mwaka jana, mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Toleo likitoka Ijumaa adhuhuri na duka limefungwa kwa swala, weka jibu la WhatsApp la moja kwa moja.

Hatua ya 9: Hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Safu saba: jarida, tarehe, bei, mibofyo, ujumbe, oda, faida. Jaza kwa siku 14. Wenye nyumba wajaze mpaka msimu uishe, kwa kuwa mgeni huuliza Oktoba akalipa Novemba.

Kanuni yangu: oda zikifika kikomo cha hatua ya 1, rudia. Zikifika nusu, badilisha tangazo, ujaribu mara moja tena. Zikiwa sifuri na mibofyo ni michache, ondoka bila ugomvi.

Mambo yakienda kombo

*Wamebofya wengi, hakuna aliyenunua.* Jarida limefanya kazi yake. Kasoro iko kwako. Fungua kiungo kwa bando la kawaida uone kinachukua muda gani. Tazama ulijibu ujumbe baada ya saa ngapi. Aliyesubiri mpaka kesho ameshapata kwingine.

*Hakuna aliyebofya.* Uliza tangazo lilikaa wapi, umwombe akutumie toleo lenyewe. Nimewahi kukuta langu liko chini ya pale Gmail inapokata. Mwenye jarida akiwa muungwana atalirudia bure.

*Mibofyo 30 imeingia dakika ya kwanza, kisha kimya.* Huenda hao si watu. Mifumo ya ulinzi ya barua za makampuni hufungua viungo vyote kukagua usalama. Hesabu ujumbe na oda.

*Oda zinatoka mahali usipopeleka.* Andika mtaa kwenye mstari wa kwanza wa tangazo: "Wakazi wa Tudor na Kizingo". Laiti ningefanya hivyo.

*Oda zimekuzidi.* Mwandikie mhariri upesi asirudie tangazo, na wateja waambie siku ya kweli utakayowapelekea. Kabla ya kununua toleo la pili, hesabu mikono uliyonayo jikoni.

*Watu wanasema "nimeona tangazo lenu" lakini hawataji neno.* Hutokea sana, hasa kwa wazee wanaopiga simu badala ya kuandika. Muulize kila mteja mpya kwa adabu, "Mama, ulitupata wapi?" na uandike jibu saa hiyo hiyo, kabla ya kumpa bei.